Kiwanja cha Mchanga Safi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Naogopa mtungi wa gesi, naogopa ngazi, naogopa mbwa hata akiwa kwenye mnyororo, na simu ikiita asubuhi sana mimi huwa nimeshaanza kulia kabla sijajua aliyepiga ni nani. Mume wangu ni mwashi. Kila mtu anamwita Fundi na mimi namwita hivyo hivyo. Yeye hupanda juu ya kuta ambazo bado mbichi akapiga mluzi huko juu. Mwaka tuliooana alinipa jina la Kengele, eti kwa sababu naguswa kidogo tu napiga kelele, na jina likaninata hadi mtaa mzima ukalichukua.

Kazi yangu ni kushona maturubai. Vifuniko vya malori, vivuli vya mikutano, mahema. Kila mshono naupitisha uzi mara mbili, na kwenye kona naurudia tena, maana huwa naliona turubai akilini mwangu likichanika na kumwangukia mtu. Wateja wanaupenda woga wangu. Nyumbani ndiko unakoleta maneno.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya gereji: mimi, Fundi, binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na mama mkwe. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umeloa oili kutoka upande wa pili, na nguo zake zote zilinuka injini. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Kutoka mlangoni kwenda uani kulikuwa na vidaraja vya saruji, na yeye alivishuka kwa makalio, kimoja kimoja, akitutania kwamba amerudi utotoni, ili sisi tusione aibu. Mimi niliona aibu vilevile, na Fundi zaidi yangu.

Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: nyumba isiyo na vidaraja, yenye mlango wake mwenyewe. Hakulalamika. Jioni Fundi akirudi na saruji kwenye nywele, alimuuliza leo amejenga nyumba ya nani, na mlango una upana gani. Fundi alijibu, halafu akaenda kunawa, akakaa bombani muda mrefu kuliko saruji ilivyohitaji.

Basi tukaanza kutafuta kiwanja, mbali na mji, huko ambako watu wa hali yetu wanaweza kununua. Tuliona vingi. Kimoja kilikuwa na mteremko mkali, kingine kilikuwa jirani na machimbo ya mawe wanakolipua baruti, kingine kilikuwa na wenyewe wawili, kila mmoja anatuonyesha mpaka wake. Vyote niliviogopa na nikasema. Kisha tukapata kimoja kizuri kweli, tambarare, karibu na barabara, nikakiogopa kwa sababu ya mzinga wa nyuki uliokuwa kwenye mti wa kona. Nilipiga kelele za nyuki hadi mwenye kiwanja akachoka, akamuuzia mtu mwingine.

Ndipo mama mkwe aliponiita chumbani kwake, akanikalisha kitandani, akanishika mkono.

"Mkwe wangu, mwanangu ana mikono ya kujenga, na wewe una mdomo wa kubomoa. Sikugombezi. Nakuomba. Kiwanja kinachofuata, neno la kuogopa ulimeze. Ukiona linapanda, kunywa maji."

Nikaapa. Na mimi nikimwapia mama mkwe sitanii, maana ndiye aliyenifunza kumwogesha mtoto wangu wakati mikono yangu ilipokuwa inatetemeka nikidhani nitamvunja.

Kiwanja kilichofuata kilikuwa bondeni. Tulishuka kwenye pikapu ya kukodi, mimi nikiwa na chupa yangu ya maji kubwa, na Fundi akasimama kama mtu aliyeonyeshwa bibi harusi. Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana, tambarare, wa mchanga mweupe, na pembeni mawe ya mviringo, laini, yamelala yenyewe kwa yenyewe. Miti michache, vivuli vizuri. Hakuna kichuguu, hakuna kisiki, hakuna nyuki, niliangalia.

Fundi aliinama akachota mchanga, akautia mate, akaufinya kwenye ngumi, akafungua. Kiganja kilikuwa safi, hakuna hata doa la udongo. Kisha akaweka chembe chache kati ya meno akazisaga, akiwa amefumba macho, anasikiliza. Ndivyo anavyojaribu mchanga wa kujengea. Mchanga wenye udongo hausikiki, na mchanga safi unalia. Huu ulilia hadi mimi nikausikia. Akanigeukia, macho yamelowa, mtu mzima na ndevu zake.

Lazima mumwelewe. Maisha yake yote ya kazi mchanga ndio uliomtesa. Lori limechelewa, mchanga una udongo, lipu imepasuka, tajiri anamfokea yeye. Sasa alikuwa amesimama juu ya mchanga wa kujengea nyumba na uzio na ukabaki, na mawe ya msingi kando yake yameshasuguliwa. Aliona vifaa vimeshafika kiwanjani kabla ya fundi. Hakuuliza nani amevileta. Mwalimu angeuliza, mkulima angeuliza, hata fundi cherehani pengine angeuliza. Mwashi akikuta mchanga safi hana maswali.

Mwenye kiwanja alikuwa mtu mpole, mwenye kofia, asiyekaa. Tulimkaribisha chai ya kwenye chupa akainywa amesimama, karibu na pikipiki yake, ambayo alikuwa ameigeuza tayari imeangalia alikotoka. Mama mkwe alikuwa ametupa sharti moja: hata godoro mtu hulilalia kwanza dukani, basi na sisi tupige kambi hapo siku chache ndipo tulipe. Mimi nilidhani atakataa. Alikubali haraka mno, hata kabla Fundi hajamaliza kueleza, na macho yake yakaenda upande wa milima kisha yakarudi.

Nilikuwa nimeapa kulimeza neno la kuogopa, lakini sikuwa nimeapa kutouliza. Nikamuuliza mvua za hapo zikoje. Akasema hapo hainyeshi sana. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana sikuwa na la kumshika nalo. Fundi akamuuliza kwa nini watu wote wa pale wamejenga kule juu kwenye majabali, nyumba zimebanana hazina hata ua, na huku chini kuzuri namna hii kumebaki kutupu. Akasema wamezoea. Fundi akacheka, akasema hao ni mbuzi, si watu, wanapenda mawe. Nikanywa maji.

Hema nililishona mwenyewe, turubai nene la lori, na kamba kila upande. Tulilisimamisha katikati ya kiwanja, pale ambapo Fundi alitaka kiwe chumba cha mama yake. Tukatandika mkeka na godoro. Dereva wa pikapu akaondoka, akaahidi kuturudia baada ya siku tatu.

Mama mkwe akaomba fimbo yake. Tulidhani anataka kusimama kidogo mlangoni, kumbe anaondoka. Alitembea. Aliburuza miguu kwenye ule mchanga, polepole, akazunguka hema lote bila kushikwa na mtu, binti yetu akimfuata kwa nyuma amenyoosha mikono kama askari wa usalama barabarani. Alipomaliza alikuwa anahema na anacheka.

"Hapa hakuna pa kushuka," akasema. "Ni kwenda tu."

Fundi alijifanya ana kitu jichoni. Mimi nilisimama pale na chupa yangu, na sikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole. Nilijua nikifungua mdomo nitamrudisha yule mama kwenye vidaraja vyake.

Kesho yake niliona kitambaa. Kilikuwa kimenasa kwenye panda ya mti, pamoja na nyasi kavu na vijiti, juu kuliko kichwa cha Fundi. Nikatazama mti wa pili, na wa tatu. Kila mmoja ulikuwa na nyasi zake zimesokotana kwenye panda, kwa kimo kilekile. Nikamwita Fundi nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ni viota. Nikamuuliza ni ndege gani huyo anayejengea kitenge. Akaniambia, Kengele, umeahidi.

Siku hiyohiyo alichimba shimo la kupimia ardhi, la kufika kifuani, ili ajue msingi utakaa juu ya nini. Akamwaga ndoo ya maji ndani, maji yakazama papo hapo, akashangilia kwamba nyumba haitajua unyevu. Mimi nilikuwa natazama ukuta wa shimo. Ulikuwa na mistari, mchanga, tope jembamba, mchanga, tope jembamba, umepangwa kama vitambaa vilivyokunjwa dukani. Na katikati ya mistari hiyo, usawa wa kiuno, palikuwa na kitu cha buluu. Binti yetu akaingia, akakichokonoa, akakitoa. Kilikuwa chanuo la plastiki, zima, limekosa meno mawili.

Akaliosha, akaenda kumchana bibi yake nywele.

Mimi nilikaa chini. Nani anazika chanuo kwa kina hicho? Fundi akasema ni takataka, watu wanatupa ovyo. Lakini hapakuwa na takataka nyingine, na ardhi ile haikuwa imeguswa na jembe, mistari ilipita juu ya chanuo imenyooka vizuri. Chanuo lilikuwa pale kwanza, ndipo mchanga ukalijia juu. Nililijua hilo kama ninavyojua mshono upi ulishonwa kwanza. Nilichokosa ni kujua maana yake, au pengine niliijua nikakosa ujasiri wa kuvunja kiapo. Nilikunywa maji hadi mama mkwe akanitania kwamba nitaumaliza mto, na hapakuwa na mto. Hapakuwa na mto wowote tuliouona.

Siku ya mwisho ya kambi, kulikuwa kweupe tangu asubuhi. Jua kali, mbingu tupu juu yetu. Mbali sana kwenye milima kulikuwa na weusi umetanda, lakini ulikuwa mbali kiasi kwamba hata mimi niliona aibu kuuogopa. Dereva alikuwa aje jioni. Fundi alikuwa ameshachomeka vigingi na kufunga kamba za vyumba, ingawa hatujalipa, kwa sababu hakuweza kujizuia. Chumba cha mama yake kilikuwa na mlango mpana kuliko yote. Mama mkwe alikuwa amejilaza hemani, pazia limefunguliwa. Binti yetu alikuwa ndani ya shimo na kikombe, anapika mchanga na kuwapakulia wageni wasioonekana. Mimi nilikuwa nashona kamba ya hema iliyolegea, mkasi mapajani.

"Mama," akaniita. "Miguu yangu imelowa."

Nikamwambia asimwage maji ya kunywa. Akasema hajamwaga, yanatoka chini.

Nilifika shimoni kabla sijajua kwamba nimesimama. Mchanga chini ya miguu yake ulikuwa unachemka taratibu, bila moto, na maji yalikuwa yameshafunika vidole, masafi, ya baridi. Nilimshika mkono mmoja nikamvuta juu kwa nguvu hadi akalia kwamba bega linamuuma. Yakawa kwenye mstari wa kwanza wa tope. Nikiwa bado natazama yakawa kwenye wa pili.

Fundi alikuja mbio. Alitazama ndani, akapiga magoti, akachota kwa viganja viwili akayaonja. Kisha akaanza kucheka, akaruka, akamwita mama yake aje aone. Kisima! Watu wanachimba hadi wanakufa ndani ya mashimo, na yeye amechimba shimo la kifua tu, maji yamekuja yenyewe. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake hata siku ya harusi yetu. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mtoto, namrudisha nyuma.

Halafu tukausikia mvumo. Ulitoka upande wa milima, mzito, wa kugongana, unanyamaza na kuanza tena. Fundi akainua kichwa, akatabasamu.

"Lori la kokoto hilo linamwaga," akasema. "Kumbe kuna mtu anajenga huko juu. Tutapata majirani."

Nikatazama upande ule. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na korongo tu, na miti, na mvumo ukitoka mle ambamo hakuna lori lingeweza kupita.

Siku zote nikiogopa hupiga kelele. Mtaa mzima ni shahidi. Safari hii nilifungua mdomo sauti ikakataa, kana kwamba yale maji yote niliyokunywa yameizamisha, na kilichotoka kilikuwa kidogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikukisikia vizuri.

"Naogopa."

Fundi hakugeuka hata. Lakini mama mkwe alikuwa amejiburuza hadi kwenye mlango wa hema, na alinisikia. Alinitazama usoni kwa muda mfupi. Alikuwa ameishi na kelele zangu miaka yote hiyo, lakini kunong'ona kwangu hakuwahi kukusikia.

"Wewe," akamwita mwanawe, na sikuwahi kusikia akimwita hivyo. "Nibebe. Sasa hivi."

Fundi akaanza kusema habari za kisima. Mama yake akamwambia akisema neno moja zaidi atatambaa mwenyewe. Hapo Fundi akatii. Alimweka kwenye toroli lake la kubebea zege, alilokuja nalo kwenye pikapu, akalisukuma kuelekea kwenye majabali. Hatua chache gurudumu likazama. Ule mchanga safi, uliolia kwenye meno, ulilimeza gurudumu lote. Akalivuta, akalisukuma, likazidi kuzama, mishipa imemsimama shingoni, na mvumo sasa ulikuwa unasikika kwenye nyayo.

Nilimwambia binti yangu akimbie kwenye nyumba za mawe na asigeuke nyuma. Akaondoka mguu niponye, chanuo mkononi. Mimi nikarudi kwenye hema na mkasi. Kamba zote nilizozishona kwa uzi mara mbili nilizikata, moja baada ya nyingine, na zilikuwa ngumu, nilijilaani kwa ushonaji wangu. Hema likaanguka. Tukalitandaza kando ya toroli, tukamlaza mama mkwe juu yake, Fundi akashika kona hii na mimi ile, tukavuta. Turubai liliteleza. Liliteleza juu ya mchanga vizuri kuliko gurudumu lolote.

Maji hayakuja kwa kishindo, ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Kwanza ulipita ulimi wa tope, mwembamba, wa kahawia, umebeba vijiti na povu, unatambaa kimyakimya kando yetu kama unatafuta njia. Ukatupita. Ukaingia kwenye vyumba vya Fundi, ukapitia mlango mpana, ukajaa. Mama mkwe alikuwa amelala chali, ameshika turubai kwa mikono miwili, anatazama mbingu tupu isiyo na mvua, midomo inacheza. Kona niliyoishika ilinikata viganja. Sikuthubutu kutazama nyuma, nilitazama goti la Fundi tu, na lilipoinuka nami nikainua langu.

Watu wa kwenye majabali walikuwa wameshateremka, mwanamume na mkewe, binti yetu mbele yao anawaonyesha. Walishika kona mbili zilizobaki tukampandisha mama mkwe juu ya jiwe la kwanza, na la pili. Hapo ndipo ukuta wa maji ulipokuja. Ulikuwa na miti ndani yake, imesimama wima inatembea. Ulikuwa na mawe, na mawe ndiyo yaliyokuwa yanagongana, mawe ya mviringo, yanasuguana laini. Toroli liliinuka likapinduka mara moja, halikuonekana tena. Nilitafuta kwa macho mahali tulipokuwa tumelala, sikupajua.

Fundi akataka kushuka. Mfuko wake wa kazi ulikuwa bado kwenye mti wa kivuli, mwiko wake, timazi yake, pima maji aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alishateremsha mguu mmoja. Mama yake alimshika shati kwa nyuma, akiwa bado amelala pale kwenye turubai, na hakumwachia hadi alipokaa chini.

Yule mwanamke wa kwenye majabali alitupa nguo kavu. Akatuambia walituona siku zote hizo tunapima na kuchimba, wakadhani ni wachimba mchanga. Wachimba mchanga huja na hema, hulala siku mbili tatu, wakajaza lori wakaondoka, wanajua kwamba pale ni mto, unaojaa mvua ikinyesha milimani. Hakupita akilini mwao kwamba kuna mtu anataka kuweka nyumba pale. Fundi aliinamisha kichwa, na mimi niliyemtaka siku nyingi akose, sikupata raha yoyote.

Nilidhani tumeokoka, mambo yameisha. Kumbe yaligeuka tu.

Fundi alirudi kazini na mwiko wa kuazima, lakini mluzi ulikwisha. Tulipoanza tena kutafuta kiwanja hakuchota mchanga, hakuweka kitu kwenye meno. Alinishika bega, akanisimamisha katikati ya kiwanja, akarudi nyuma, akanitazama usoni.

"Unaogopa?"

Mara ya kwanza, sitadanganya, niliona utamu. Mtu mzima amekupuuza miaka yote, leo anasimama na kofia mkononi anangoja neno lako. Nikasema naogopa, na nilikuwa naogopa kweli, na tukaondoka bila mabishano. Kiwanja cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa na nyaya za umeme kwa mbali. Hakuniuliza sababu tena. Nilisema naogopa, akageuka kwenye pikapu, na wenye viwanja wakabaki wanatuangalia.

Huku nyumbani mama mkwe akaacha kushuka uani. Alisema hana haja ya jua. Tukawa tunampelekea beseni kitandani. Alianza kulala mchana, amegeukia ukuta wenye oili, na jioni Fundi alipoingia hakumuuliza tena amejenga nyumba ya nani. Fundi alisimama mlangoni kila siku akingoja swali lile, kisha akaenda kunawa.

Kiwanja cha mwisho kilikuwa na udongo mwekundu, kimeinuka kidogo tu, na majirani waliokaa pale tangu ujana wao. Nilikwenda peke yangu mara nyingi. Nilitazama kila panda ya kila mti. Niliwauliza majirani habari za maji, za moto, za migogoro ya ardhi, hadi mmoja akaniuliza kama natafuta kiwanja au natafuta maiti. Nilichimba. Udongo ulikuwa mwekundu juu, mwekundu chini, hakuna mstari, hakuna chanuo. Sikupata kitu hata kimoja. Na nikiwa nimesimama juu ya ile ardhi isiyo na kosa, niliogopa kama siku ile shimoni, na nikajua kwamba nitaogopa kwenye kila kiwanja watakachonisimamisha hadi nizikwe.

Siku ya kuamua tulimleta mama mkwe. Alikaa kwenye kiti cha pikapu, mlango umefunguliwa, miguu inaning'inia haigusi chini. Alikuwa amepungua, gauni lilikuwa limemvaa yeye. Hakutazama kiwanja. Alinitazama mimi, na hakuomba kitu.

Fundi akanisimamisha katikati, akarudi nyuma.

"Unaogopa?"

"Siogopi," nikasema.

Aliniuliza tena. Nikamwambia ashushe vigingi. Alisimama kidogo akinichunguza, halafu uso wake ukafunguka, akakimbia kwenye pikapu kama kijana. Tulimshusha mama yake, tukamweka kwenye kiti cha plastiki kwenye kona ya kwanza, karibu yangu. Fundi alinipa ncha ya kamba niishike kwenye kigingi, akaivuta hadi kona ya pili, akapiga goti, akafumba jicho moja aone kama imenyooka.

Kamba ilikuwa inatetemeka. Ilianza ngumini kwangu ikaenda hadi kwake, urefu wote wa chumba, na kadiri nilivyoikaza ndivyo ilivyotetemeka zaidi. Akainua uso.

"Kuna upepo huko?"

Hakuna jani lililokuwa linatikisika. Mama mkwe akainama kutoka kwenye kiti chake, akaweka mkono wake juu ya ngumi yangu, akaibana juu ya kigingi kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Upepo," akamjibu mwanawe. "Wewe gonga kigingi."